Masikio ya Kisimani

Paukwa.

Pakawa.

Wadogo sogeeni. Wakubwa nao wasisinzie, maana hadithi hii ina sehemu yao.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja kavu walikuwa na kisima kimoja. Kisima chenyewe kilikuwa shimo katika mchanga wa mto uliokauka. Ukikichimba leo, kesho mchanga umerudi. Ukilala siku mbili, huna kisima. Basi ilibidi kichimbwe kila siku ya Mungu, na mchimbaji alikuwa Mzee Muhanga, mla mchwa, mwenye pua ndefu, masikio marefu na kucha kama majembe.

Bonde lile lilikuwa na sheria ya sikio. Mtoto akizaliwa, siku ya saba Nyani humng'ata sikio, kwap, akamwachia pengo. Shahidi ni sikio la mama, nalo sharti liwe na pengo. Ukubwani hakuna anayetiwa pengo. Mwenye pengo alipewa kata moja ya maji kila siku. Asiye na pengo hakupewa. Na mwenye pengo akifa, sikio lake lilikatwa, likatundikwa kwenye kamba juu ya kisima, na kata yake ikamwagwa chini ya kamba, kila siku, daima.

"Haki ya sikio haifi." Ndivyo walivyosema.

Mwanzoni masikio yalikuwa machache. Kiangazi kikarefuka. Kamba ikajaa, ikafungwa kamba ya pili, ikafungwa ya tatu. Upepo ukivuma, masikio yale makavu yalisemezana, shwa, shwa, shwa. Usipovuma, yalikuwa yanasikiliza.

Sikio la mwisho lilikuwa refu na laini, lenye pengo dogo karibu na ncha. Lilikuwa la Bi Mwanamize, mke wa Mzee Muhanga. Muhanga alilitundika kwa mkono wake. Kila asubuhi alimwaga kata yake, akasema, "Mke wangu, maji yako." Ardhi ikanywa, fyoo. Alisimama hapo mpaka unyevu ukauke, kisha akaenda kuchimba. Hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya hayo.

Siku moja akaja Paa kutoka ng'ambo ya kilima, ambako moto ulikuwa umekula kila kitu. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Nyani akamzunguka, akamtazama masikio.

"Aa, haya mazima kabisa, shangazi. Hata mbu hajayagusa."

"Nina kiu, kaka."

"Kiu tunayo sote. Pengo ndilo huna."

Muhanga akatazama kwato za Paa. Akatazama kucha zake mwenyewe, zilivyolika. "Nisaidie kuchimba," akasema. "Habari ya maji tutaiona."

Paa akachimba. Akachimba leo, akachimba kesho, akachimba mtondo. Wenye mapengo wakanywa. Yeye akaramba mchanga uliolowa kwenye kwato zake, akamnyonyesha mwanawe, akashuka tena shimoni. Na ile habari ya maji haikuonwa.

Hata siku moja, jua la utosi, Paa akiwa chini shimoni, akasita.

"Mzee, huku chini kuna mtu anachimba."

"Ni mwangwi wako."

"Mimi nimeacha, mzee. Yeye hajaacha."

Muhanga akashuka, akalaza sikio juu ya mchanga.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya.

Akahesabu. Mikwaruzo mitatu, kisha pumziko. Katika bonde lote ni mmoja tu aliyechimba hivyo, na Muhanga alikuwa amechimba ubavuni kwake miaka yote ya ndoa yao. Akapanda juu. Hakumwambia mtu.

Kesho yake maji yakashuka. Keshokutwa yakashuka tena. Wao walichimba kwenda chini, na mikwaruzo ikapanda kuja juu. Sasa ilikuwa mingi, ya kucha, ya kwato, ya pembe. Na ingawa hapakuwa na upepo, masikio yote kwenye kamba yaligeuka, yakaelekea shimoni.

Siku ya nne Nyani alipochota, maji yalitosha kata chache tu. Wenye mapengo walio hai walisimama wakingoja. Paa alisimama pembeni. Maziwa yake yalikuwa yamekatika. Mtoto alilala mchangani, ulimi nje, umekauka kama jani.

"Tunaanza na waliotutangulia," akasema Mzee Ngiri, mkubwa wa bonde, akiinua pua kuelekea kamba.

"Mzee Ngiri," Paa akasema, "mwanangu hafiki jioni. Naomba kata moja. Wala si yangu, ni yake."

Ngiri hakuwa mkatili. Alifukua vumbi kwa kwato, akakohoa. "Binti yangu, nakuonea huruma. Lakini nyuma ya kilima kile wako wengi. Nikikupa wewe leo, kesho watakuja kumi. Na kisima hiki walikichimba baba zetu."

"Baba zenu walikichimba zamani. Jana nimekichimba mimi."

Nyani akacheka, kisha akajiona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Sheria ni sheria," Ngiri akasema. "Muhanga, mwaga."

Desturi ilikuwa kuanza na aliyekufa karibuni. Muhanga akachukua kata ya kwanza, akasimama chini ya lile sikio refu. "Mke wangu," akasema. Chini ya nyayo zake ardhi ikajibu. Kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa karibu mno, kama mtu anayekuna mlango kutoka ndani.

Hapo Muhanga akaelewa. Aliyekufa hana kiu. Kiu walimpa wao, kata kwa kata, asubuhi kwa asubuhi, na sasa alikuwa anakuja kuchota mwenyewe. Angemwaga kata hii moja, udongo ungefunguka, naye angeuona uso wa mkewe. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Akaiinamisha kata. Kidogo amwage.

"Kata hii ni ya nani?" akamuuliza Ngiri.

"Ya mkeo."

"Basi si ya bonde."

Akaenda kwa mtoto wa Paa, akapiga magoti, akamdondoshea maji ulimini, tone baada ya tone, mpaka kata ikaisha.

"Lala, Mwanamize," akasema. "Kesho sikuiti."

"Umevunja sheria," Ngiri akasema. "Na hao kumi wakija?"

"Watachimba kumi."

Chini ya ardhi ikasikika, kwaru, kwaru. Mkwaruzo wa tatu haukuja. Sikio refu likaanguka kutoka kwenye kamba, pwa, likawa ngozi kavu tu. Mtoto wa Paa akarudisha ulimi, akalia.

Nyani akaitazama kata ya marehemu mama yake. Akampelekea Paa, bila mzaha wowote. Mwingine akafuata, na mwingine. Ngiri ndiye aliyebaki na kata ya marehemu baba yake mpaka jua likawa la utosi, kivuli kikamwisha miguuni, huku pembe zikiparuza udongo chini yake. Mwishowe akamsukumia Paa. "Chukua, binti. Chukua upesi."

Masikio yalizikwa siku ile ile. Maji yakapanda. Wa kilimani wakaja kweli, zaidi ya kumi, nao wakachimba.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, Mzee Muhanga alilaza sikio juu ya mchanga.

"Kuna kitu, mzee?" Paa aliuliza.

"Hakuna."

"Basi ni heri."

"Ndiyo," Muhanga alisema. "Ni heri." Na akaendelea kusikiliza.

Mafunzo yake ni haya. Anayeishi nanyi na kuchimba nanyi, mpeni maji, awe na alama au asiwe nayo, na mwanawe mpeni pia, maana kiu ya mtoto haitazami sikio la mama. Waliokufa tuwaheshimu, lakini tusiwanyweshe fungu la walio hai.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima. Mzigo nimeutua, anayeweza aubebe.