Mashine ya Miaka Kumi

Asemaye ngoja hana kidonda.

Leo asubuhi Minza kamrushia mwenzake maneno hayo kwa sababu ya zamu ya kuchota maji, mkacheka wote, kisha mkanigeukia mimi: "Babu, methali hii imetoka wapi?" Mngemuuliza mtu mwingine angewajibu kwamba ni maneno ya wahenga, yakaishia hapo. Wahenga hawakuyasema. Yalisemwa na mwanamke aitwaye Milembe, na aliyeambiwa ni mimi babu yenu. Basi kaeni. Nitasimulia mara moja tu, maana si habari ninayopenda kuirudia.

Methali hii ilianza hivi.

Kijiji chetu kilikuwa na kinu cha pamba, nami nilikuwa msimamizi wa mashine ya kuchambulia, ile inayotenga nyuzi na mbegu. Ndani yake mlikuwa na misumeno mingi ya duara, ikizunguka upesi hata huoni meno. Siku mashine hiyo ilipoletwa, ikiwa mpya kabisa, tulichinja ng'ombe. Muuzaji alitukabidhi hati, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma na nilipenda watu walijue hilo, nilipanda juu ya robota la pamba nikaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba kwa sheria ya wakati ule, mtu akiumizwa na mashine kwa sababu iliundwa vibaya, anaweza kumshtaki aliyeiunda, lakini ndani ya miaka kumi tu tangu siku ilipokabidhiwa. Ikipita miaka hiyo, hana dai tena. Watu wakapiga makofi, sijui walikuwa wakishangilia nini. Nikatia sahihi. Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti.

Milembe alikuwa mjane wa rafiki yangu Shija. Mimi na Shija tuliitana ndugu, kwa hiyo Milembe aliniita shemeji, na aliponiita hivyo alimaanisha. Alifanya kazi kinuni, akiondoa pamba iliyokwama. Mwaka wa kumi wa mashine ile, mwezi wa Juni, pamba ilikwama kama ilivyokwama mara mia kabla ya hapo. Mashine ikazimwa. Kifuniko kilikuwa na komeo lililopaswa kukataa kufunguka mpaka misumeno isimame. Siku hiyo komeo likakubali. Milembe akaingiza mkono wake wa kulia, na misumeno ilikuwa bado inazunguka. Alipoteza vidole vinne.

Fundi aliyetoka mjini alilifungua komeo lile, akaligeuzageuza, akasema liliundwa vibaya tangu huko lilikotoka. Hakuwa na kosa Milembe, wala aliyezima mashine. Aliyepaswa kujibu ni aliyeiunda.

Sasa ijueni desturi yetu. Sisi watu wa pamba kalenda yetu ilikuwa msimu. Harusi, mahari, ugomvi wa mipaka, yote yalisemwa, "Baada ya msimu." Ukiambiwa hivyo hukuona umekataliwa, ulikwenda zako ukavuna. Hata kaburi la baba yangu lilijengewa baada ya msimu.

Milembe alinijia mapema Julai, mkono ukiwa bado kwenye bandeji.

"Shemeji," akasema, "nimeambiwa naweza kuwashtaki walioiunda mashine. Nina watoto wanne na mkono mmoja. Hati unayo wewe. Nipeleke kwa wakili."

Lakini siku mbili kabla yake alikuwa amenijia wakala wa wale waundaji, bwana mmoja mnene mwenye adabu nyingi. Aliniita Bwana Msimamizi mbele ya wafanyakazi wangu wote. Akaniambia kesi ikifunguliwa sasa mashine itafungwa iwe ushahidi, na wakulima watalala na pamba yao nje. Akasema wao ni waungwana, watalimaliza jambo baada ya msimu. Kisha akadokeza kwamba itakuja mashine mpya, na kwamba wanatafuta mtu mwenye akili wa kumpeleka mji mkuu akajifunze kuiendesha. Nilijiona mimi ndiye mwenye akili.

"Ngoja, shemeji," nikamwambia Milembe. "Msimu uishe kwanza. Utasimamaje mahakamani na bandeji?"

"Hakuna ubaya nikingoja?"

"Kesi si nyanya, haiozi."

Akanishukuru. Wajukuu zangu, alinishukuru, akainamisha kichwa kama mtu aliyesaidiwa.

Oktoba, pamba ilipokwisha, tulikwenda mjini kwa wakili, mama mmoja mwenye miwani. Aliisoma hati, akairudia tena tangu mwanzo.

"Mama, uliumia lini?"

"Juni."

"Juni ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Wakili akavua miwani. "Kidonda chako ni cha juzi, mama. Lakini hapa sheria haihesabu tangu ulipoumia, inahesabu tangu mashine ilipokabidhiwa. Miaka kumi ilitimia tarehe kumi na nne Agosti. Mngekuja Julai, ningefungua kesi siku hiyohiyo."

"Julai nilikuwa tayari," Milembe akasema.

Wakili akageuza hati akaweka kidole chini kabisa. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Basi ulijua."

"Nilisahau."

Hilo ndilo neno nililolisema, na nililisema kwa miaka mingi kwa kila aliyeniuliza. Sikusahau. Tarehe kumi na nne Agosti nilisimama kando ya mashine ileile, nikamkumbuka ng'ombe tuliyemchinja, nikajua kabisa kwamba siku ndiyo inakwisha. Mjini palifikika kwa saa tatu. Nikajiambia mahakama itaelewa, msimu ni msimu. Nikaendelea kuhesabu marobota. Yule wakala hakurudi tena, na mashine mpya ilipokuja iliendeshwa na mtu mwingine, mimi nikabaki na ile ya zamani.

Milembe hakunigombeza njiani, na hata baadaye hakunigombeza. Alijifunza kulima kwa mkono wa kushoto. Binti yake mkubwa aliacha shule ili amsaidie, na mimi nilipomwona yule binti akija na jembe begani nilichepuka nikapita njia ya mtoni. Mtu mzima, mwenye ndevu, namkimbia mtoto. Aibu ilinila hata chakula kikanishinda, na bado sikwenda kwake.

Nilikwenda mwaka wa tatu. Nilimkuta uani akikata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanikwa vikauke, kiazi amekibana kwa goti, kisu mkono wa kushoto. Jirani yake alikuwa jikoni akichukua moto.

"Shemeji," nikasema, "ile tarehe niliikumbuka. Nilikudanganya mbele ya wakili."

"Najua," akasema. "Niliona uso wako palepale. Nikasema atakuja mwenyewe aseme. Mbona imekuchukua miaka mitatu?"

"Nilisema ningoje uchungu upoe kwanza."

Akaweka kisu chini. Hakupaza sauti.

"Uchungu wa nani, shemeji? Asemaye ngoja hana kidonda."

Jirani alitoka na moto wake na maneno hayo. Kufika siku ya gulio, yalikuwa vinywani mwa kijiji kizima. Kinuni, komeo likilegea kidogo tu, wafanyakazi waliniambia maneno hayo wakinitazama machoni, na komeo likatengenezwa siku hiyohiyo. Ndivyo yalivyotoka kinuni yakafika hadi kisimani kwenu.

Unauliza, Minza, kama alinisamehe. Siku ile alinikaribisha viazi, nikala. Nilitaka kumuuliza kama amenisamehe, nikaona haya, nikasema nitamuuliza siku nyingine, moyo wake ukitulia. Tulikaa kijiji kimoja miaka kumi na mmoja baada ya hapo, tukisalimiana vizuri. Kisha akafa, na mimi nilikuwa bado sijamuuliza.

Asemaye ngoja hana kidonda.