Kwa Nini Kahawa Haiivi Yote Siku Moja

Sogeeni. Anayetafuna na aendelee kutafuna, hadithi hii haiogopi mdomo uliojaa.

Zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, kahawa ya kisiwa chetu hiki cha ziwani ililala mwaka mzima, kisha ikaamka na kuiva yote kwa siku moja. Alfajiri uliiacha kijani. Jua likipanda kidogo, shamba zima lilikuwa jekundu kama macho ya mlevi. Na haikumngoja mtu. Jua likizama ilidondoka yote, na tumbili walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyepika, hakuna aliyeketi. Hata mwanamke aliyejifungua jana alifungiwa kikapu kiunoni. Watu wa hapa walikuwa wembamba, wakali, na kila msimu wa kahawa ndoa mbili tatu zilivunjika.

Basi alikuwepo mama mmoja, Kagemulo, ambaye mapishi yake yalisifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Binti yake, Kemilembe, alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko ng'ambo, naye alimpenda mpaka alikuwa akisahau chumvi kwenye maharage. Watu wa kijana wakasema watakuja kuona nyumba kabla ya kutoa neno la mwisho. Aliyewaongoza ni shangazi wa kijana, Koburungo. Mama huyo! Wanasema, nami sikuwepo lakini midomo ipo, aliwahi kuvunja uchumba wa mpwa mwingine kwa sababu ndizi zililetwa zimepoa. Alizila zote, kisha akauvunja.

Wageni wakashuka mtumbwini asubuhi. Kagemulo akawapa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, wazitafune, kama ilivyo desturi yetu: mgeni hutafuna kwanza, chakula hufuata. Koburungo akatafuna, akatazama dari, akatazama jikoni, akauliza, "Nyumba hii moshi wake hutoka saa ngapi?"

Kabla hajajibiwa, mume wa Kagemulo, Mutashobya, akaingia mbio na vikapu.

"Mama Kemilembe! Imeamka! Shamba limeshakuwa jekundu upande wa juu!"

"Na wageni je?"

"Wageni hawadondoki jua likizama!"

"Huyu wa leo atadondoka na ndoa ya mwanao, Baba Kemilembe."

Kagemulo akasimama mlangoni. Akienda shambani, Kemilembe kapoteza mume. Akibaki jikoni, mwaka mzima kapu litakuwa tupu. Mwisho akajitwisha chungu, akamkabidhi binti ndizi na samaki, akawaambia wageni wabebe mikeka yao wenyewe. Koburungo hakuwahi kubebeshwa mkeka ugenini. Alishangaa mpaka akaubeba.

Wakapanga mafiga chini ya mti wa kahawa mkongwe kuliko yote, ili mkono mmoja uchume na mwingine ukoroge. Kagemulo akamenya ndizi, akafunga sato kwenye majani ya mgomba, akawapanga juu ya ndizi, akafunika. Mvuke ukapanda matawini.

Sasa, mti ule haukuwahi kunusa chakula tangu uumbwe, kwa kuwa siku ulipokuwa macho hakuna aliyepika. Ukasita. Punje zilizokuwa zimefika njano zikabaki njano, za kijani zikabaki kijani.

"Kagemulo," ukasema mti, "hicho ni nini?"

"Ndizi na sato."

"Nipe."

"Hazijaiva. Kaa utulie."

"Mimi sijawahi kutulia."

"Ndiyo maana u mchungu hivyo," Koburungo akadakia kutoka mkekani.

Mti ukatulia. Chakula kilipoiva, Kagemulo akaumwagia shinani mchuzi wa samaki, maganda ya ndizi na majivu kidogo. Ukanywa taratibu, tawi kwa tawi, ukashiba, ukasinzia, na kila punje ikalala pale pale ilipofikia. Miti jirani ikaonja kwa mizizi, ikasinzia nayo, mpaka mwisho wa kisiwa. Wageni nao wakala. Koburungo akalegeza fundo la kanga, akajinyoosha kivulini, akakoroma.

Mutashobya peke yake alibaki wima, kikapu mkononi, akilitazama jua. Likazama. Haikudondoka hata punje moja. Akaketi, akauliza kwa sauti ya chini iwapo kichwa cha samaki kimebaki.

Koburungo alipoamka, alijifuta mdomo akasema, "Nilikuja kutafuta kosa, usingizi umeondoka nalo. Binti tumemchukua. Lakini mjue nitakuwa nakuja kumsalimia mama yake. Mara kwa mara. Mchana."

Na tangu siku hiyo, tawi moja la kahawa hubeba punje nyekundu, za njano na za kijani, kila moja ikiamka kwa wakati wake. Sisi wenye vishamba vyetu vidogo tunachuma zilizoamka, tunarudi nyumbani kula, tunalala, kesho tunachungulia tena. Na ukimkuta mtu amejinyoosha chini ya mibuni mchana, kikapu nusu, usimwite mvivu. Anazingoja zilizobaki ziamke, na si adabu kumtazama aliyelala bila nawe kujinyoosha.