Viwavi Watatu wa Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wewe acha kumfinya mwenzio, la sivyo sisimulii.

Hapo kale, kule milimani, palikuwa na mama akiitwa Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea. Siku moja Mbonea na wenzake wawili walikwenda shambani kulinda maharage yasiliwe na ngedere. Zimwi la msituni likawapulizia moshi wa kiko chake, wakageuka viwavi wa manyoya. Mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja rangi ya kutu.

Mama za wale wawili walijifungia ndani wakilia. Nakijwa akajifunga kanga kiunoni, akalifuata zimwi kule shambani.

"Nipe mwanangu," akasema.

"Mtambue mwenyewe," likajibu zimwi. "Nakupa jioni tatu. Ukimshika, umchukue. Ukimkosa, nawala wote."

Mbonea alikuwa mweusi tititi. Basi Nakijwa akamshika kiwavi mweusi, manyoya yakamchoma kiganja.

"Umekosea," likacheka zimwi. "Rudi kesho."

Kesho yake viwavi walikuwa wamejivua ngozi. Mweusi amekuwa wa kutu, wa kutu amekuwa mweupe, mweupe amekuwa mweusi. Nakijwa akachanganyikiwa. Akakumbuka kwamba Mbonea alizaliwa mweupe, kama watoto wachanga wote. Akamshika mweupe.

"Umekosea," likacheka zimwi. "Rudi kesho."

Nakijwa alirudi nyumbani akilia njia nzima. Aliogopa, wanangu, aliogopa sana.

Jioni ya tatu akalikuta zimwi limeshateleka chungu, maji yanachemka. Na viwavi wamebadilika tena, hata kubahatisha hakuwezekani.

Jua lilikuwa linazama. Sasa, kijijini kwao, saa hiyo ndiyo ya kulisha watoto, na hakuna mama anayemwita wake peke yake. Chakula huwekwa kwenye chano kimoja, wakaitwa wote walioko uani waje kula pamoja. Nakijwa alikuwa ameishiwa na akili. Akachuma majani ya maharage, akayatandaza viganjani, akachuchumaa, akaita kama alivyoita kila jioni:

"Watoto, njooni mle."

Viwavi wakainua vichwa. Wakaja, wakaja, wakaja, hata wakampanda viganjani wote watatu. Nakijwa akafumba mikono. Mikono ikamuwasha, ikavimba, hakuachia.

"Nimemshika," akasema.

"Yupi?"

"Wangu yumo humu. Sema kama hayumo."

Mazimwi hula watu, lakini neno lao hawalivunji. Zimwi likapiga chungu teke, likatokomea msituni.

Nyumbani, viwavi wakajisokotea vifuko vya nyuzi darini. Nakijwa akangoja, huku akijipaka mafuta mikononi. Siku moja wakatoka nondo watatu, mabawa ya manjano yenye madoa meusi kama ya chui, wote sawasawa. Wakatua sakafuni, wakawa Mbonea na wenzake, na njaa imewashika.

"Mama," akauliza Mbonea, "mimi nilikuwa yupi?"

"Sijui," akasema Nakijwa, akiweka chano katikati yao. "Kuleni kwanza."

Hadithi yangu imekomea hapo, anayetaka kuirefusha airefushe. Funzo lake ni hili: usimpime mtoto kwa rangi yake, na unapomwita wako, waite na wa wenzako.