Kipanga Chini ya Maturubai

Wahenga hawakuwa na droni, lakini walikuwa na vitanda, na walijua vyema kwamba kitu kikishaingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa. Mwenyewe hana budi kupiga magoti, kukunja shingo na kumeza vumbi kidogo. Ndipo waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayekitamani kitu kigumu akubali taabu ya kukifuata huko huko kilipo. Mwanamke wa hadithi hii alikuwa ameisikia methali hiyo tangu anatambaa. Lakini riziki yake ilikuwa angani, na mtu akizoea kutazama juu, shingo huwa ngumu kurudi chini.

Jirani zake walimwita Kipanga. Kazi yake ilikuwa kurusha droni, na kwa muda mrefu alikuwa amepiga picha za maharusi na mapaa ya watu hadi akachoka. Sasa alilitaka daraja. Lilikuwa daraja la chuma katikati ya mji, na baba yake ndiye aliyelitunza enzi za nguvu zake. Kila mwaka kabla ya mvua, mzee alikuwa akitambaa chini ya sakafu ya daraja akigonga nati kwa nyundo, moja baada ya nyingine, akisikiliza ipi inalia vizuri na ipi inalalamika. Mgongo ulipomgomea, hakuna aliyetambaa tena.

Mwaka huo halmashauri iliamua daraja likaguliwe kabla ya mvua, na mhandisi wake alikuwa radhi kumpa Kipanga kazi hiyo kwa sharti moja: alete kibali maalumu. Kanuni za anga zilikataza kurusha droni juu ya vichwa vya watu, na pale darajani watu hawakosekani. Kikao cha halmashauri kikifika kibali hakijatoka, kazi ingechukuliwa na kampuni ya mbali. Kipanga aliitaka kazi ile hadi ikamkosesha usingizi. Alitaka nati za baba yake zikaguliwe na mtoto wa baba yake, basi.

Afisa wa vibali alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Ofisini kwake palinuka wino na chai ya maziwa, na feni iligeuka polepole kama mtu anayekataa jambo. Alilisoma ombi la Kipanga ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa limejaa sifa: kamera ya droni, kasi ya droni, betri ya droni. Bwana harusi mwenyewe hajawahi kusifiwa vile.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mashine yako nimeipenda. Sasa niambie, ikizimika juu ya daraja, itaangukia wapi?"

"Haizimiki, mama."

"Haizimiki?" Afisa alivua miwani. "Moyo wa binadamu unazimika, sembuse betri! Umeniandikia habari za juu tupu. Mimi nataka habari za walio chini. Nenda kaandike upya."

Kipanga alitoka amefura. Alipofika nyumbani, baba yake alikuwa kibarazani akimenya viazi, mgongo umepinda kama kigoe.

"Hukumwambia wewe ni binti wa nani?" mzee aliuliza.

"Nilimwambia, baba. Akasema hongera."

Mzee alicheka hadi kiazi kikamponyoka.

Kesho yake Kipanga alisimama ukingoni mwa mto, akairusha droni juu ya maji na kupiga picha ya eneo zima. Ng'ambo, karibu na nguzo ya mwisho ya daraja, aliona kipande kipana cha buluu, tambarare na kitupu. Alitabasamu. Alipakumbuka mahali hapo: ulikuwa uwanja wa zamani wa mpira wa kikapu, wenye sakafu iliyopakwa rangi ya buluu, ambapo yeye na wenzake walicheza walipokuwa shuleni. Akaweka alama nyekundu katikati ya buluu ile na kuandika: droni ikipata hitilafu, itashushwa hapa, mahali pasipo na mtu. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Afisa aliitazama alama ile kwa muda.

"Hapa umefika?"

"Nimepaona, mama. Picha hiyo hapo, safi kabisa."

"Sikukuuliza kama umepaona. Nimekuuliza kama umefika."

"Lakini kikao ni wiki hii!" Sauti ya Kipanga ilipanda bila ruhusa yake. "Nikianza kuzurura kila mahali, kazi itachukuliwa na watu wasiolijua hata jina la daraja."

"Basi wahi," alisema afisa, akamrudishia karatasi zake taratibu, bila ubaya wowote.

Siku hiyo Kipanga alinuna mpaka wakati wa chakula. Alisema yule mama ana roho ya kutu. Alisema urasimu utaliangusha daraja kabla ya mvua. Baba yake alimwacha amalize, kisha akafuta mikono yake.

"Mwanangu, unafikiri mimi nililijua daraja kwa kusimama juu yake? Nililijua kwa tumbo. Matope yaliingia mpaka masikioni, mama yako akawa ananikataza kuingia ndani na nguo zile. Hiyo buluu yako iko mwendo wa kutema mate. Unaogopa nini, kuchafua viatu?"

Hakuogopa kuchafua viatu. Aliogopa kuambiwa amekosea, na hilo alilikiri moyoni alipokuwa akivuka daraja kesho yake asubuhi.

Alipoteremka ng'ambo, hakuuona uwanja; sakafu yake ilikuwa imeshang'olewa. Aliona maturubai ya buluu, yameunganishwa moja kwa jingine na kuwambwa juu ya vijiti vifupi vilivyomfika kiunoni. Sauti za watu zilitoka humo. Hapakuwa na mlango wala njia ya mtu aliyesimama wima. Kipanga alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akainamisha kichwa na kuingia.

Ndani palikuwa na kitalu cha miche. Wanawake walichuchumaa kati ya matuta wakipandikiza, wakipiga soga. Na katikati, penye kivuli kizito zaidi, makasha ya mbao yalikuwa yamepangwa, na ndani ya makasha walilala watoto wachanga, midomo wazi, wakikoroma kama wazee.

Kipanga aliitoa picha yake, akakadiria umbali kutoka kwenye nguzo ya daraja, akakadiria tena. Alama yake nyekundu ilikuwa juu ya makasha yale. Aliona aibu, tena aliogopa kwelikweli, na machozi yakamtoka mbele ya watu asiowajua.

"Haya, mgeni, mbona unatunyeshea miche?" alisema mwanamke aliyekuwa karibu, ambaye wenzake walimwita Mama Miche. "Kwani wewe nani?"

Kipanga aliwaambia yote, hata ile alama. Mama Miche akakung'uta udongo mikononi.

"Kumbe wewe ndiye mwenye lile dude linalovuma kama nzi? Afadhali umekuja mwenyewe. Sogea hapa tupange."

Walipanga mpaka jua likawa kali. Chini kidogo ya daraja palikuwa na fungu la mchanga ambalo hakuna aliyelitumia ila kunguru. Wanawake wangelizungushia kamba. Siku ya kazi watoto wangehamishiwa nyuma, na Mama Miche angepuliza filimbi akiona mtu anasogea. Kipanga aliyaandika yote, naye aliukanyaga mchanga wote kwa miguu yake.

Afisa alipolipokea ombi la tatu, kabla ya kulisoma alichungulia juu ya meza, akaiona suruali ya Kipanga yenye mabaka ya tope magotini.

"Umefika," alisema, akauvuta muhuri.

Siku ya ukaguzi, droni ilizunguka chini ya daraja kwa utulivu na kuzipiga picha nati zote. Ilipokuwa inarudi, kipanga wa kweli, mwenye manyoya na wivu wa anga lake, alishuka kwa hasira na kuipiga kumbo moja. Droni ikaanza kuyumba. Mikono ya Kipanga haikungoja kuambiwa. Iliipeleka mahali ilipofundishwa, na mashine ikajikita mchangani, ndani ya kamba, huku filimbi ya Mama Miche ikilia na watoto wakiamka kupiga kelele, wazima wote. Kipanga alikaa chini. Alijua fika kwamba kama ombi la pili lingepita, mikono hiyo hiyo ingeelekea kwenye buluu.

Jioni mzee alizitazama picha mezani, pua ikikaribia kuigusa karatasi. Aliweka kidole kwenye nati moja.

"Hii imelegea. Ilikuwa korofi tangu zamani, hii." Akacheka peke yake, macho yakimlengalenga. Kisha akayatazama magoti ya bintiye, ambayo tope lake lilikuwa halijatoka hata kwa sabuni. "Nguo hizo mama yako asingekuruhusu kuingia nazo ndani."

Kipanga akacheka naye, akaiacha suruali ile ilivyo. Kila aliyemuuliza jinsi alivyolipata anga la daraja alimwonyesha magoti yale, akamwambia kwamba hata cha angani kina mvungu wake, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.