Kiboko na Umeme wa Jioni

"Ngano ninayo! Mnaitaka?"

"Tunaitaka!"

"Niilete nusu au nzima?"

"Nzima!"

"Basi msinikatize, maana hata hawa waliomo ndani yake wameshanichosha."

Hapo kale, si kale sana, nyaya zilikuwa zimeshafika porini, palikuwa na bwawa moja. Bwawani palikuwa na mashine ya kufua umeme, na mwenye bwawa alikuwa Kiboko. Nguvu anazo, tumbo analo, kusikiliza hajui. Mchana kutwa alijilaza majini, lango la maji wazi, mashine inanguruma vuuu! vuuu! Aliliacha wazi kwa sababu maji yakipita yalimkuna mgongo. Jioni akitoka kwenda kula nyasi, alilifunga. Klaa!

"Maji yangu yasije yakaisha nikiwa malishoni," alisema.

Basi ikawa hivi. Mchana umeme tele, wanyama hakuna, wote wamekwenda kutafuta riziki. Jioni wanyama tele, umeme hakuna. Ugali mbichi, giza tii. Jamani! Wakaitisha mkutano. Mkutano ukaunda kamati. Kamati ikaomba muda. Ningekuwepo ningelia.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Kanga. Mayai yake ya kwanza aliyaatamia mwenyewe, nyoka akayala. Ya pili vilevile. Safari hii aliyaweka kwenye mashine ya kutotolea, sanduku la chuma ambalo nyoka hawezi kulipenya. Mchana mayai yana joto. Jioni, klaa! yanapoa. Ikambidi kila jioni afungue sanduku ayalalie, na nyoka yuko pale nje, anasubiri.

Akamwendea Kiboko.

"Bwana Kiboko, naomba uliache lango wazi, kidogo tu."

"Maji ya nani?"

"Yako."

"Umeme wa nani?"

"Wako."

"Basi nenda zako."

Bi Kanga akarudi analia. Jirani yake Kindi akamsikia. Kindi huyu ni mdogo, anaenea kiganjani, lakini kila kitu hukiweka akiba. Alikuwa hata na betri, kubwa kama ghala la mahindi, imekaa tupu. Aliitoa wapi? Sijui, msiniulize.

Saa sita mchana, jua linachoma, Kindi akaenda bwawani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Mbona maji yako ya moto?"

Kiboko akayaonja. "Kweli, ya moto!"

"Ni umeme huo. Mchana hauna wa kuutumia, unazunguka kwenye nyaya, ukichoka unarudi majini. Kesho utachemka humo kama muhogo."

Uongo mtupu! Ni jua lile! Hata mtoto aliyezaliwa jana angejua ni jua. Kiboko hakujua.

"Nifanyeje, Kindi mwanangu?"

"Nina betri. Naweza kukuondolea umeme wote wa mchana, niteseke nao mimi. Tatizo betri ni nzito, na iko mbali na nyaya."

"Nitaikokota mwenyewe!"

Akaikokota. Du! du! du! Jasho linamtiririka, na Kindi amekaa juu ya betri anasema, "Kushoto kidogo, mzee. Siyo huko. Kushoto!"

Ikaunganishwa. Mchana kutwa mashine ikanguruma vuuu! vuuu! na betri ikanywa, ikanywa, ikashiba. Jioni Kiboko akatoka, akafunga lango. Klaa!

Taa zikawaka. Ugali ukaiva. Sanduku la Bi Kanga likabaki limefungwa, lina joto, na nyoka akaenda zake na hasira zake.

Kiboko kuziona taa, akarudi mbio. Du! du! du!

"Umeme wa nani huo?"

"Wako, Bwana Mkubwa."

"Nirudishie!"

"Sasa hivi? Haya. Ingia majini nikumwagie wote kwa mpigo."

Kiboko akayatazama maji. Akaitazama betri. Akaukumbuka muhogo.

"Kaa nao," akasema. "Na kesho uje uchukue mwingine. Usichelewe!"

"Nitajitahidi, mzee," akajibu Kindi, "ingawa kazi yako inanichosha."

Hazikupita siku nyingi mayai yakapasuka, ko! ko! ko! vifaranga wakatoka, wazima wote. Bi Kanga akalia mbele za watu bila haya. Kamati nayo ilifika siku hiyohiyo, ikaomba kuongezewa muda.

"Ngano imefika kwake, nami nimefika kwangu. Funzo mmelipata?"

"Tumelipata! Tuweke akiba!"

"Nani kawaambia? Funzo ni hili: ukiwa na kitu tele, kimwage leoleo, na penye shida undeni kamati. Kindi hakulifuata, na oneni yaliyompata. Mpaka leo yuko kazini kutwa, na pori zima linamshukuru Kiboko, eti umeme ni wake. Bi Kanga mwenyewe, kifaranga wake wa kwanza, mnajua kampa jina la nani? La Kiboko!"