Swali Lililonyamazishwa

Wapendwa, palikuwa na muuguzi mmoja katika hospitali ndogo huko bara. Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza kwenye faili la kompyuta habari za wagonjwa: huyu ana pumu, yule dawa fulani inamdhuru. Fundi aliyetengeneza faili lile alikuwa amelitilia maagizo ya siri, hata kila ukitaka kulifunga linakuuliza kwanza: "Umehifadhi ulichoandika?"

Swali lile likamchosha muuguzi. Akamwita fundi.

"Kaka, hebu niondolee hiki kitu. Kinanihoji kama mwizi!"

"Dada, nikikiondoa, faili litajifunga kimya. Ukisahau kuhifadhi, ulichoandika kitapotea na hutajua."

"Mimi si mtu wa kusahau. Ondoa."

Swali likaondolewa. Raha iliyoje!

Asubuhi moja akaja mama na binti yake mdogo. "Huyu penisilini haipatani naye, sista. Ilitaka kumuua." Muuguzi akaandika, tena kwa uangalifu. Mara akaitwa nje. Akafunga faili, akaenda zake. Je, kuna kilichomuuliza? Hakuna.

Mchana akipita wodini akamkuta mwenzake anachomoa sindano pajani mwa yule mtoto. Akamkimbilia.

"Umempa nini?"

"Penisilini. Nimeangalia kwenye faili, hapakuwa na neno lolote."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba, kifua kinalia kama filimbi. Na yule mama hakumtazama aliyechoma sindano, alimtazama yeye. "Si nilikwambia? Si uliandika nikikuona?"

Daktari akaja mbio na dawa. Muuguzi akabaki amejibanza ukutani, anasikiliza kila pumzi ya mtoto akidhani ndiyo ya mwisho. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini ilibaki kidogo sana.

Naona mnatikisa vichwa, mnamlaumu. Ngojeni kwanza. Sisi je? Si ilikuwapo sauti iliyotuuliza kila tulipotaka kulala: "Umemtaka radhi mkeo? Yule uliyemsingizia, umemsafisha?" Ikatuchosha. Tukaiambia inyamaze, nayo ikatii. Sasa tunalala fofofo, na asubuhi tunashuhudia hapa mbele kwamba tuna amani.

Ndugu yangu, una hakika ni amani? Dhamiri inayokusumbua usiiogope. Ogopa siku utakapotenda ovu, ukafunga mlango, ukaenda zako, na ndani yako kukawa kimya.