Shibiri Tatu za Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa ziwa, nalo limelala fofofo. Nitegeeni sikio, na wewe pale nyuma acha kupiga miayo.

Hapo zamani za kale Kukuziwa, ndege wa majini, alitaga mayai katika kiota kinachoelea. Alikifunga kwenye matete kwa nyuzi sita za majani. Desturi ya ziwa lile ilikuwa hivi: mayai yakikaribia kuanguliwa, jirani huja kuyabembeza kwa mawimbi, ili vifaranga wayaote maji kabla hawajayaona.

Safari hii akaja Kiboko. Akatikisa tumbo. Likainuka wimbi la shibiri moja, pole pole. Kiota kikapanda, kikashuka, na mle ndani ya mayai vifaranga wakaota. Uzi mmoja ukakatika.

"Ahsante, mjomba, inatosha," akasema Kukuziwa.

"Inatosha wapi! Hata sijaanza."

Akatikisa tena. Wimbi likaja la shibiri mbili. Ta! Ta! Ta! Ta! Nyuzi nne zikakatika. Lo! Kukuziwa akapiga yowe.

"Mjomba, utaniulia wanangu!"

"Woga wa nini, mama watoto? Nimeongeza shibiri moja tu. Sasa nakupa shibiri tatu."

"Hebu tazama nyuzi zinazoelea puani pako! Shibiri moja imekata mmoja, shibiri mbili zimekata nne. Wimbi likirefuka mara mbili, nguvu zake huwa mara nne. Likirefuka mara tatu, huwa mara tisa. Nami nimebaki na uzi mmoja!"

Kiboko akazitazama zile nyuzi. Akaona haya.

"Basi naenda zangu."

"Thubutu! Ukigeuka na hilo tumbo, tumekwisha."

Masikini Kiboko! Akazama taratibu hadi mgongo ukawa sawa na maji, akatulia tuli. Njaa ikamuuma, majani ya ufukweni akayala kwa macho. Ukungu ukaja, ukapita. Akasinzia, akaota kuwa yeye ni jani tu juu ya maji.

Alipoamka, vifaranga walikuwa wakitembea mgongoni mwake, wakidhani ni nchi kavu. Kukuziwa alikuwa akilia kwa furaha.

Ndiyo maana hadi leo Kiboko akiwa majini hutoa macho, masikio na pua tu. Anaogopa kuamsha wimbi.

Basi, mwenye nguvu, usipime ulichoinua; pima kinachovunjika.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia asimuliwe na jirani yake.